Nani Anabonyeza Tangazo Langu

Jumatatu, 3 Machi

Tangazo langu liko hewani! Kuanzia leo mtu akitafuta fundi wa kufuli kwenye simu, natokea mimi, juu kabisa, juu ya tangazo la Bisibisi, mwenye duka la mlango wa kioo kule mwisho wa barabara. Huyo Bisibisi tulichonga funguo meza moja. Leo anajiita mtaalamu wa usalama. Mtaalamu! Hawezi kushika tupa bila kutoa ulimi nje.

Utaratibu ni rahisi. Kila anayebonyeza tangazo, kampuni ya matangazo inanikata hela kidogo, apige simu asipige. Bajeti ya siku ikiisha, tangazo linalala hadi kesho yake.

Mke wangu hajafurahi. Anataka chumba cha mbele kwa ajili ya cherehani yake, amechoka kushona chumbani akiwa amekalia kitanda. Amenipa hadi Jumamosi: nikipata mteja hata mmoja, chumba kinabaki changu. Nisipopata, meza na jiriwa langu la kubania vyuma vinahamia barazani. Nimemwambia mteja mmoja ni kunidharau. Tena nikaongeza sharti mwenyewe: wahesabiwe wa mtandaoni tu, si wapita njia wanaovutwa na kibao cha mlangoni. Akasema sawa, mwenye biashara ni mimi.

Nimejitafuta. Nikajiona. Nikabonyeza, ikatokea picha yangu nimeshika rundo la funguo. Nikarudi nyuma nikabonyeza tena, kwa raha tu. Nikaenda kwa kinyozi wa jirani, naye abonyeze, pamoja na wateja wake, mmoja akiwa na povu masikioni. Kinyozi akauliza kama hilo halinikati hela. Nikamwambia yeye ashughulike na vichwa kwa nje.

Saa nne bajeti ikaisha. Biashara imewaka.

Jumanne, 4 Machi

Nimeamka alfajiri kulikagua tangazo. Lipo. Baada ya kupiga mswaki nikalikagua tena. Na baada ya chai. Kampuni hizi si za kuaminika, lazima uzibane. Kila nikilikagua nalibonyeza mpaka ndani, nisije nikadanganywa na jina tu.

Saa tatu bajeti imekwisha. Simu haijalia, hata ya kukosea namba. Watu wanaingia, wanatoka kimya. Mwenye kufuli bovu gani ana tabia hiyo?

Nikatafuta tena. Mimi sipo, nimelala. Aliye juu ni Bisibisi.

Hapo akili ikanifunguka. Nimepita mbele ya duka lake nikijifanya naangalia mawingu. Ameshika simu. Kidole kinatembea. Akaniona, akanipungia mkono, akaniuliza hali ya nyumbani. Mnafiki. Nimeiandikia kampuni malalamiko marefu kwamba kuna mtu ananimaliza.

Jumatano, 5 Machi

Kampuni imejibu. Wanasema mibonyezo mingi inatoka kwenye simu moja, hapa hapa mtaani kwetu, kati ya alfajiri na chai ya asubuhi, na kama ni mimi au watu wangu, tuache. Mimi! Nijihujumu mwenyewe? Hao ndio wasomi tunaowalipa. Lakini bila kujua wamenipa ushahidi. Simu moja, mtaani kwetu, asubuhi. Na Bisibisi hupita hapa kila asubuhi kufuata maziwa. Kesi imekwisha.

Mke wangu akaisoma barua hiyo juu ya bega langu, akacheka mpaka akakaa chini. Sikuona cha kuchekesha.

Nikaamua kumkwepa. Nimeweka tangazo lionekane nchi nzima, maana Bisibisi hawezi kuwa kila mahali. Saa tano simu ikalia! Mama mmoja, mlango umemfungia nje, sufuria iko jikoni inaungua. Nikamwambia dakika tano. Akanielekeza kwake. Ni safari ya kulala njiani. Nikamshauri siku nyingine apange nyumba karibu na mafundi, akanikatia simu. Watu wa mbali hawana shukrani. Mke wangu naye amekataa kumhesabu. Eti mteja ni yule uliyemfungulia mlango.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeingia kwenye kundi la ukoo kwenye simu. Kwa kawaida silisomi, ni misiba na picha za maua tupu. Nimewaagiza wote: tafuta fundi wa kufuli, mkute Bisibisi, bonyeza. Asubuhi na jioni, kama dozi. Zamu yake kukatwa. Nikawaonya wasitoke haraka, kampuni itashtuka. Wakae humo, waangalie picha, wasome bei.

Shangazi, ambaye ndiye mkubwa wetu, akauliza kama ni vizuri kuingia dukani kwa mtu huna haja naye. Nikamjibu si duka, ni mwanga kwenye kioo. Mjomba akauliza akishaingia afanye nini. Nikarudia yote. Ukoo wetu unahitaji subira.

Hadi mchana karibu wote walikuwa wameingia. Nimepita kwa Bisibisi jioni: duka limefungwa, na bado jua linawaka. Amefilisika! Nilikula kwa hamu, nikalala kama mtoto.

Ijumaa, 7 Machi

Sijui nianzie wapi. Watu wa ukoo wangu wamelelewa vizuri mno, ndiyo maana hatuendelei.

Shangazi kaandika kwenye kundi asubuhi. Kwamba aliingia kama nilivyomwagiza, akakaa, akaangalia picha, akasoma bei. Wakati wa kutoka akaona aibu. Huwezi kuingia kwa watu ukatoka bila salamu. Basi akapiga namba iliyokuwa pale, akamsalimu. Bisibisi akaitikia kwa heshima, akasikiliza habari za magoti yote mawili, ndipo akauliza kama kuna mlango wowote unamsumbua. Kabati la shangazi halijafunguka tangu mvua za mwaka jana. Akaja jana hiyo hiyo, akalifungua, akatia bawaba mafuta, na chai hakuigusa mpaka kazi ilipoisha.

Mjomba naye kamsalimu. Geti lake sasa linafungwa kwa kidole. Binamu kamsalimu. Shemeji kamsalimu, kachongewa funguo za akiba. Jioni mtu akamwingiza Bisibisi kwenye kundi la ukoo. Kundi letu! Akaandika shikamooni wakubwa zangu, asanteni kwa kunipokea, na anamshukuru kaka yake, yaani mimi, kwa kumtangaza bila malipo. Watu wakammwagia maua.

Nikampigia shangazi kwa hasira, nikamuuliza kwa nini kabati hakuniita mimi, mtoto wa kaka yake. Akasema miaka yote sijawahi kumuuliza kama ana kitu kimeharibika. Kwamba nilimwambia abonyeze, naye amebonyeza.

Iliniuma. Nikamwambia mtandao unakatikakatika, nikakata simu.

Jumamosi, 8 Machi

Siku ya mwisho. Alfajiri nimelikagua tangazo mara nne, lipo.

Saa tatu akaingia bwana mmoja, suruali ina mkunjo wa pasi, mkoba wa ngozi mkononi. Kufuli la mkoba limegoma, vyeti vyake vyote vimo ndani, na usaili wake ni saa tano. Alikuwa anapita akaona kibao. Kufuli lenyewe ni la kufungua kwa pini. Mikono iliniwasha.

Lakini alikuwa mpita njia. Hahesabiki. Na mke wangu alikuwa amesimama mlangoni anatazama, sikutaka aje kusema nimechakachua. Nikamwomba yule bwana atoe simu, anitafute, abonyeze tangazo, kisha nimhudumie. Akauliza kama natania. Nikamwambia ndio utaratibu wa kisasa. Akatafuta. Akasema hanioni. Nikamwambia ateremke chini. Akateremka. Akasema anayemwona ni fundi mmoja wa mlango wa kioo, hapo mbele tu.

Nikashika simu yangu. Ujumbe ulikuwa umeingia dakika ile: akaunti yangu imefungwa, kwa kujibonyeza mwenyewe na kwa kukusanya watu wambonyeze mwenzangu. Sijui nani kanichongea. Nilipoinua macho yule bwana alishatoka, anakwenda mbio, mkoba kifuani.

Safari hii mke wangu hakucheka. Akasema muda wote ule alikuwa ananiombea. Akasema yeye hakutaka mteja wa mtandaoni, alitaka mteja. Kisha akashika meza upande mmoja, akaniambia nishike wa pili.

Jumapili, 9 Machi

Naandika nikiwa barazani. Jiriwa lilitushinda uzito, mke wangu akamwita Bisibisi. Kalibeba peke yake, kalifunga imara, kakataa soda. Alikuja kupeleleza.

Chumba cha mbele kimefagiliwa. Cherehani inalia tangu asubuhi, na wanawake wamekaa ndani wanasubiri kupimwa. Hawakuona tangazo lolote. Wamesikia mlio wakaingia. Ushamba mtupu. Lakini nilipoona alama za miguu ya meza yangu pale sakafuni, nilijisikia vibaya, sitaficha. Nilikipenda chumba kile.

Bahati nzuri nimegundua kosa lilikuwa wapi. Akaunti ilikuwa kwa jina langu! Mama mkwe ana simu mpya na jina safi, hajawahi kubonyeza kitu. Nimeiazima, nimemwambia nakwenda kumwekea picha za wajukuu. Mchana akaunti imekubaliwa. Fundi wa kufuli, mama mkwe, mwenye miaka sabini. Nchi nzima.

Nikiwa nalikagua tangazo, mwanamke mmoja aliyemaliza kupimwa akaja kusimama mbele ya meza yangu. Mkononi ana kitasa kinachoning'inia kwa skrubu moja. Akanisalimu, akauliza kama hapa kuna fundi. Nikamwomba asogee kidogo, ananiwekea kivuli kwenye simu. Akarudi ndani kumuuliza mke wangu, na mke wangu akaanza kumtajia namba, polepole, tarakimu moja moja.

Ni ya nani sikushika. Nilikuwa nabonyeza.