Nakiru, Mbuzi wa Kila Nyumba

Jumatatu, 14 Julai

Baraza leo. Nimeenda na binti yangu Akolong mgongoni na mtungi kichwani, maana njia ya baraza ndiyo njia ya mto, na mimi sitembei bure.

Mzee Dabaso, mwenyekiti wetu wa mashamba, ametangaza kwamba Alhamisi watu wa ofisi ya mradi wanakuja kupima maendeleo. Nikadhani wanakuja na kamba. Kumbe ni maswali! Ni miaka mitatu tangu ranchi yetu ya pamoja igawanywe, tukaambiwa tuache kufuata mifugo tushike jembe. Sasa wanataka kujua tumefika wapi. Na bomba la maji ni moja tu. Ama lije kwetu Bloki B, ama liende Bloki A, ng'ambo ya barabara. Mzee amesema litafuata alama nzuri.

Maji mlangoni! Nikafunga macho nikayasikia. Sasa hivi mgongo ni wa Akolong, kichwa ni cha mtungi, mimi mwenyewe nimebaki na miguu tu.

Shida ni mbuzi. Ofisi iligawa mbuzi wa maziwa, mmoja kila nyumba, na siku ya kupimwa kila nyumba lazima imwonyeshe. Mzee akauliza wako wapi. Jirani yangu Mutea akasema wake aliliwa na fisi. Mzee Emanikor, yule mjane anayeishi peke yake, akasema fisi pia. Wote fisi! Fisi wa Mutea alimla mbuzi siku ya Krismasi. Najua, nililetewa mguu.

Gumato alikuwepo, yaani Mama Jaldesa, mdomo wa Bloki A. Akacheka mpaka akashika nguzo. Akaniambia, "Mama Akolong, kwenu hata fisi ameendelea!"

Mbuzi aliyebaki ni mmoja. Wangu. Nakiru, mweupe, na doa jeusi juu ya jicho la kushoto kama mtu aliyepigwa ngumi.

Jioni nikinyonyesha, wazo likaja lenyewe. Anayepima atakuwa mtu mmoja, ataenda nyumba moja baada ya nyingine. Na mbuzi ana miguu.

Mimi ni mtu hatari sana.

Jumanne, 15 Julai

Kamati ya bloki imekubali mpango wangu. Mutea alisema kichwa changu kinatisha. Nimelichukua hilo kama sifa.

Tumefanya jaribio. Limekufa. Nakiru amefika uani kwa Mutea, akalala chini. Akavutwa. Akalala tena. Mke wa Mutea alipojaribu kumkama, hakutoa hata tone, akampa teke.

Nilisahau. Mtoto wa Nakiru alikufa wakati wa kiangazi, na tangu siku hiyo Nakiru amejipa Akolong. Anamlamba masikio. Asipomwona hatembei, na maziwa anayafunga. Huko kwa wazazi wangu, mbuzi aliyefiwa angeonyeshwa ngozi ya mtoto wake, adanganyike. Huyu wangu amejidanganya mwenyewe, tena kwa binti yangu.

Mutea akasema basi ni rahisi, mtoto aazimwe pamoja na mbuzi. Nikamwambia mtoto si sufuria. Nikamwambia mbele ya kamati yote, kwa sauti. Akolong haendi popote, nimemaliza.

Jumatano, 16 Julai

Akolong anaenda.

Lakini kwa masharti yangu. Mimi nitakuwa nyuma ya choo cha kila nyumba. Hakuna kumpa chai. Hakuna kumrusha juu. Akilala, maendeleo yanasimama mpaka aamke.

Kila nyumba imemchagulia jina. Nimewaambia watumie jina lake tu, wamekataa, ati itashukiwa. Mutea anataka awe mvulana, Mwenda. Nimemuuliza kwa nini. Amesema kwa sababu hana mvulana.

Mzee Dabaso ameagiza kila nyumba ipike chai nyingi, mpimaji acheleweshwe wakati mbuzi anapita nyuma kwenye sukuma wiki. Nimeuliza maji ya hizo chai zote yatatoka wapi. Wote wameniangalia.

Nimeenda mtoni mpaka miguu ikakataa.

Alhamisi, 17 Julai

Siku yenyewe! Naandika nimelala chali.

Mpimaji ni msichana, Deqa, ana tableti na viatu vizuri. Nyumba ya kwanza kwa Mutea. Mbuzi? Huyu hapa. Akapiga picha. Mtoto? Huyu hapa, anaitwa Mwenda, ni kidume hasa. Mutea akamwinua juu kwa fahari. Nilikuwa nimemvua nguo kwa sababu ya joto. Deqa akaangalia. Akaandika.

Kwa Mzee Emanikor, Deqa akauliza huyu mtoto mchanga ni wa nani. Mzee, miaka sabini na kitu, meno mawili, akasema ni wake. Deqa akauliza mama yuko wapi. Mzee akasema ameenda soko. Deqa akauliza atarudi lini. Mzee akafikiri, akasema wanawake wa siku hizi hawatabiriki.

Mimi nyuma ya choo nimeziba mdomo kwa leso.

Tukaendelea hivyo. Mtoto anapita dirishani, mbuzi anapita kwenye sukuma, mimi napita mahali pa kupe na miiba. Kila Akolong akilia kwa "mama" mwingine, maziwa yangu yanashuka yenyewe. Blauzi imelowa. Nilitaka kutoka nimchukue niseme yaishe, mtoto ni wangu na mbuzi ni wangu. Nikafikiria bomba. Nikabaki.

Nyumba ya mwisho ni yangu. Nikakimbia, nikakaa, nikajifanya nachambua maharagwe. Deqa akaingia, akasema salaam aleikum, nikamkaribisha, akakataa chai kwa mikono miwili. Akasema tumbo lake linacheza kama mtungi nusu.

Halafu akachuchumaa, akamkuna Nakiru katikati ya pembe. Akasema yeye amekulia Garbatulla nyuma ya mbuzi, na kwao mbuzi anajulikana kwa uso kama mtu. Akasema, polepole tu, "Dada, huyu nimemsalimia tangu nyumba ya kwanza. Amechoka. Mpe maji."

Nikatafuta pa kuweka macho.

Akasema, "Na huyo Mwenda, mpe titi."

Nikampa. Nikauliza kwa sauti ndogo ameandika nini. Akasema tableti inauliza mbuzi yuko au hayuko, na kila nyumba alikuwepo. Akasema picha zote zimeshaenda ofisini. Kuhusu uso, tableti haina swali.

Tumeshinda!

Ijumaa, 18 Julai

Leo Deqa alikuwa Bloki A. Mke wa Mutea alipita huko "kuomba chumvi", amerudi na habari.

Deqa alimuuliza Mama Jaldesa ana mbuzi wangapi. Mama Jaldesa akasema mifugo haihesabiwi, ni ya Mungu. Watoto wangapi? Watoto ndio kabisa hawahesabiwi! Nyumba zote za Bloki A zikajibu hivyo hivyo. Tableti yote wazi.

Nimecheka mpaka Akolong akacheka. Watu wa zamani sana hawa. Kweli hata nyanya yangu alituambia mbuzi ukimhesabu anapungua. Lakini hakusema kitu kuhusu kumhesabu mara nyingi.

Jumatatu, 28 Julai

Matokeo yamekuja kwa simu ya Mzee Dabaso. Bloki B, alama za juu kabisa! Tumepiga vigelegele. Mzee Emanikor amecheza na fimbo.

Halafu Mzee Dabaso akaendelea kusoma, sauti ikapungua.

Bomba linaenda Bloki A. Huko hakukuonekana mbuzi hata mmoja wala mtoto, kwa hivyo ofisi imeona ni hali ya dharura. Tukamkumbusha Mzee alisema bomba litafuata alama nzuri. Akasema hakusema, alidhani.

Na sisi? Wataalamu wameangalia picha. Mbuzi wote wa Bloki B wana doa moja, jicho moja. Ati damu imekuwa moja, wanazaana ndugu kwa ndugu, ni hatari. Shida ya Bloki B si maji, ni damu. Tunaletewa beberu.

Tena kila nyumba ina mtoto wa umri mmoja. Tunaletewa mwalimu wa kupanga uzazi.

Mutea ananiangalia vibaya. Nimemwambia wazo lilikuwa zuri, picha ndizo mbaya.

Jumatano, 6 Agosti

Beberu ameshuka kwa pikapu. Ni mkubwa kama punda, ananuka mpaka kule Chechelesi. Kamati imeamua akae kwangu kwa sababu "wewe ndiye mwenye mbuzi." Leo ndiyo wanakumbuka!

Amekula sukuma wiki yote. Amekunywa mtungi mzima, akaniangalia kama mteja hotelini. Nimerudi mtoni. Amekunywa na huo.

Mume wangu Lotukoi amepiga simu kutoka Garbatulla, yuko huko ananunua mifugo. Nimemweleza yote nikilia kidogo. Akauliza beberu ana uzito gani.

Mwalimu wa uzazi naye amekuja. Mzee Emanikor alikaa mbele kabisa, amenyoa. Mwalimu akamsihi apumzike kidogo. Mzee akasema atajaribu.

Jumatatu, 25 Agosti

Bloki A wamefungua bomba. Nimesikia maji yakianguka nikiwa na mtungi kichwani. Sikugeuka. Shingo haikuruhusu.

Jioni Mama Jaldesa amekuja mwenyewe na mtungi umejaa. Ameuweka mlangoni. Amesema, "Kunywa, Mama Akolong. Una watoto wengi hapa, na wote wana uso mmoja." Akacheka mpaka akakaa chini. Halafu akamchukua Akolong, akambusu, akaniambia nisiende mtoni tena, nivuke barabara tu, niteke kwake asubuhi na jioni. Bure. Amesema jirani hapimwi.

Mwanamke huyu ana moyo. Nimelia, nikasema ni moshi.

Nimemwambia asante sana, lakini Bloki B ina mpango wake.

Jumanne, 26 Agosti

Ofisi imetuma ujumbe. Wanarudi mwezi wa kwanza kupima watoto wa beberu, nyumba kwa nyumba. Bloki itakayofanya vizuri itafikiriwa kwa bomba la pili.

Bomba la pili! Nimewaza usiku kucha, Akolong kifuani, beberu akikohoa nje. Nimegundua kosa letu. Kosa lilikuwa doa! Lingekuwa jicho la kulia kwa Mutea, kisogoni kwa Emanikor, tungekuwa tunaoga saa hii.

Asubuhi nimenunua rangi ya viatu, nyeusi na kahawia. Nimempaka Nakiru madoa mgongo mzima, kwa majaribio. Kazi safi. Deqa mwenyewe hawezi kumjua.

Akolong hakumjua pia. Amepiga kelele akajificha. Nakiru naye amelala chini, maziwa amefunga.

Si neno. Kesho nampaka Akolong madoa kama yake, wajuane.