Mpinzani Anayelala Kitanda cha Dirishani

Ndugu Mtangazaji wa Ulingo,

Salamu nyingi. Mimi ndiye yule mama mshona mapazia anayekaa mstari wa pili na kufumba macho kengele ikilia. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo ukikuta herufi imekaa vibaya isukume tu isogee. Lalamiko lenyewe limekaa sawa.

Jumamosi iliyopita ulitangaza kwa kipaza sauti kwamba fainali ya mabondia wa kike atapanda binti yangu, Pasi Moto, "na mpinzani wakeee, Kisikiii!" Baba, hujui ulichonifanyia. Kisiki anaishi kwangu. Ni mtoto wa marehemu dada yangu, nimemlea tangu ana meno mawili. Hawa wanalala chumba kimoja. Tangu siku ile wamechukua pazia la mteja wangu wakalitundika katikati ya vitanda, salamu hakuna, na tarishi ni mimi: "Mama, mwambie mpinzani wangu anipe sabuni." Sabuni yenyewe iko mbele ya pua yake! Sasa nakulalamikia hivi:

1. Mpinzani, nijuavyo mimi, ni mtu anayepinga. Kwangu anayepinga ni baba yao. Nikifungua dirisha, anapinga. Nikilifunga, anapinga. Huu mwaka wa ishirini na mbili, na hakuna aliyewahi kumvalisha glavu.

2. Kisiki hajawahi kupinga kitu. Ukimtuma anakwenda, na kurudi anarudi. Anayepinga ni huyo Pasi Moto wako. Nikimwambia avae sweta, "Mama, niache bwana." Kwa hiyo mpinzani wa binti yangu ni mimi.

3. Na kama ni mimi, basi anayetakiwa kupanda ulingoni Jumamosi ni mimi. Nina kilo themanini na tisa na goti moja bovu, mwamuzi ajiandae. Lakini mtoto wangu siwezi kumpiga mbele za watu, kwa hiyo nafasi yangu nampa baba yao. Kengele ikilia ya kuanza, atasema bado.

4. Mteja anataka pazia lake.

Ombi langu ni dogo. Jumamosi hii sema, "na mwenzake, Kisiki." Basi. Mmoja akivimba jicho, nani atamshikia barafu nyumbani kama si huyo mwingine? Usiku mmoja nilisikia kila mmoja analia upande wake wa pazia, na hakuna aliyelifunua. Nikiwapoteza hawa wawili kwa sababu ya kipaza sauti chako, nitahamia kwako, na mimi ni mtu wa maneno mengi.

Nisalimie mwamuzi, mpiga kengele, yule daktari anayesinzia, na mama yako mzazi. Mwambie nampa pole, kulea sauti ile si mchezo.

Ni mimi ninayetetemeka kwa heshima,
Mama wa Kona Zote Mbili

N.B. Mnong'oneze kocha wa Pasi Moto kwamba mpinzani akichoka hushusha mkono wa kushoto, hapo ndipo amalize kazi. Asiseme katoa wapi. Na ili nisionekane napendelea, kocha wa Kisiki naye aambiwe kwamba binti yangu haziwezi ngumi za tumboni. Huyo mwambie Jumapili.