Padri, Nirudishie Mume Wangu wa Kalasi ya Tatu

Kijiji cha nyuma ya Wamaza,
Alhamisi, juma la pili la masomo, Septemba 1953

Kwa Padri Gérard, Direkteri wa masomo ya misioni

Padri muheshimiwa,

Nakusalimia kwanza, juu mama yangu alinilea na adabu. Habari ya mwili? Habari ya ndevu? Nasikia mvua ya juma lililopita iliingia kalasini kupita mabati mapya. Pole sana. Nyumba yangu ni ya majani, haikuvuja. Sasa heshima nimemaliza, naanza kugomba.

Mimi ni Sidonie. Ulinibatiza wewe mwenyewe, na maji ulinimwagia mengi kupita wenzangu, labda uliona iko kazi. Kusoma nilijua katika ile miaka mine ya kungojea ubatizo. Kuandika najua kidogo, mwandiko wangu unatambaa, lakini unafika pale nautuma.

Jumapili ile ya kufungua mwaka, katekista Pacifique alisimama kisha misa akatusomea barua yako kwa wazazi wote, "Habari za Furaha za Mwanzo wa Mwaka". Habari zilikuwa saba. Watu walipiga makofi mara saba. Mimi nilikaa na mikono chini ya kitambaa. Jirani yangu Marcelline akanidunga na kiwiko: "Weye, piga basi, wanakuangalia!" Nikamwambia bado sijajua tunashangilia nini. Sasa nimejua, na sishangilii.

Padri, mimi iko na mume. Anaitwa Octave. Ana miaka munane, yuko kalasi yako ya tatu, yule wa pengo la meno mbele. Usishike musalaba, nitakueleza.

Mume wangu wa kwanza, muzee Bulaimu, alikufa mwaka Octave alizaliwa. Mutoto akapewa jina lake la nyumbani, Octave ni la ubatizo tu, na kwetu mujukuu akipewa jina la muzee, anakaa pahali pake. Mimi ni nkambo wake, mama ya baba yake, na ni muke wake pia. Yeye anapewa nyama ya kwanza. Nikitaka kwenda soko ya Wamaza namuomba ruhusa, na yeye ananikatalia, kisha naenda. Ananiambia nimezeeka, atatafuta musichana. Namwambia atafute, ataona nani atamupikia sombe, majani ya muhogo yaliyolainika, na lile pengo. Kila mutu anajua ni muchezo, na kila mutu anajua si muchezo. Baba yake Gaston alienda kazi ya mugodi Kalima, na mama yake akamufuata. Nyumbani tulibaki sisi wawili, mume na muke, hatujagombana hata siku moja kwa kweli.

Sasa mashitaka yangu. Nimeyahesabu sawa na habari zako, habari kwa shitaka, usiseme nimeongeza.

La kwanza, kengele. Umeandika kwamba kengele mpya imetoka Ulaya na itaamsha watoto saa kumi na moja na nusu. Padri, watoto hawakuwa wamekufa. Hapa jogoo alifanya kazi hiyo, na jogoo akizeeka tunamukula. Kengele ikizeeka mutafanya nayo nini?

La pili, kijiko. Kila mutoto aje na kijiko, blanketi na sabuni. Blanketi nilitoa langu, sabuni niliomba. Lakini kijiko, kijijini kwetu iko kimoja tu, cha mama Célestine, anapimia nacho dawa ya kikohozi. Mutu akienda kukiazima anaulizwa: "Nani anakohoa?" Sikuenda. Octave alikuja na vidole kumi. Ulivihesabu mwaka wa kwanza ulipokuwa unamufundisha hesabu, na ulisema vimetimia.

La tatu, pamba. Umesema kila Ijumaa watoto "watajifunza kupenda kazi" katika shamba jipya la pamba la masomo. Mimi iko na shamba la pamba. Sikuliomba. Lililetwa na Bwana Pamba, yule muzungu wa kamba ndefu, anayepima kila kitu isipokuwa mugongo wangu. Kama mume wangu ana hamu ya kupenda pamba, ile yetu inamungojea, haina kengele wala haina wimbo. Na nauliza kwa adabu: kama kalasi ni ya kumutoa mutoto shambani, mbona mumelima shamba la kumurudisha? Mumezunguka njia ndefu sana.

La ine iko na moto, nitalirudia.

La tano, elimu yenyewe. Umetangaza kwamba kalasi ya tatu itajifunza mito ya Ubelgiji. Jumamosi Octave alirudi, akasimama mbele ya moto, mikono nyuma, akaniimbia: muto Mezi, muto Esko, na mwengine jina lake kama mutu anapiga chafya. Nikamuuliza: "Katika huo Mezi wanavua samaki gani?" Akasema mwalimu Ismaël hakuwaambia. Nikamuuliza wanauvuka na mutumbwi ao na daraja. Hakuwaambia. Nikamuuliza wakati wa mvua unafika wapi. Padri, mume wangu alikuwa karibu kulia. Munamufundishaje mutu muto bila samaki? Mimi sijaona Mezi, lakini Lualaba naujua, nilifika Nyangwe mara mbili kwa dada yangu, na naweza kukuambia kambare wanalala upande gani. Hamujaniita kufundisha.

La sita, madirisha. Umeandika: "Wazazi wasisimame kwenye madirisha ya kalasi wakati wa masomo." Wazazi! Andika tu Sidonie, watu wote waligeuka kunitazama. Ni kweli nilisimama. Mara ya kwanza ilikuwa juu ya mvua. Mara ya pili nilidhani mvua itakuja. Mara ya tatu mwalimu aliuliza saba na munane ni ngapi, watoto wote wakaangalia juu kama jibu limelala kwenye mabati, nikashindwa kuvumilia, nikasema kumi na tano. Mwalimu akanifukuza. Lakini hakusema nimekosa.

Sasa narudi kwa la ine, na la saba pamoja, juu ya yote mbili yamenikata pahali pamoja.

Mwaka jana mwalimu aliuliza watoto nani wako nyumbani. Octave akasimama akajibu sawasawa, kama nilivyomufundisha kujibu wakubwa: "Nyumbani iko mimi na muke wangu Sidonie." Siku ya pili nikamuona Pacifique mulangoni kwangu na kitabu cha ndoa, jasho linamutoka, anatafuta huyo musichana Sidonie. Pacifique huyu alizaliwa Kasongo mujini, hajui kitu. Nikamwambia: "Ndiye mimi, ingia, mume wangu yuko nje anacheza mupira." Alifunga kitabu chake, akaniomba maji ya kunywa. Nilidhani mulicheka, yakaisha. Kumbe ulikuwa unayaweka moyoni. Na mwaka huu, habari ya ine ya furaha: watoto waache kuitana mume na muke na wazee wao, juu ni desturi ya giza. Na habari ya saba: watoto wote wa kalasi ya tatu, tangu sasa, watalala kwenye nyumba ya misioni tangu Jumatatu mpaka Jumamosi.

Padri, hiyo ni talaka.

Wewe ulitufundisha miaka mine kwamba ndoa haivunjwi. Ulimukatalia Bulaimu ubatizo mpaka aache muke wake wa pili, akamuacha, mama wa watu akalia mpaka kijiji kingine. Mimi nikabaki peke yangu na muzee juu ya amri yako. Muzee akafa. Nikapata mume mwengine, mudogo lakini wa halali, jina lake ni lile lile. Na huyo naye umemuchukua. Sasa niambie kanisa lako linataka niwe na waume wangapi, juu mimi naona hesabu inashuka tu.

Na usiseme ni siku sita tu. Siku sita ndizo juma. Jumapili munamuweka ku misa mpaka jua la kichwa, anakuja amechoka, anakula, analala, kengele inamuita. Tangu Jumatatu napika bugali ya watu wawili. Mukono haujajua.

Kwa hiyo nataka unirudishie mume wangu. Kama hutaki, mutu aliyechukua mume wa mutu achukue na kazi zake. Nakuandikia kazi, ili usiseme hukuambiwa.

Mbuzi wa Marcelline anaingia katika mihogo yangu kila asubuhi na kila mangaribi. Octave anamufukuza na jiwe na matusi. Wewe matusi labda hukuruhusiwa, utatumia Kilatini, mbuzi huyo hajali lugha.

Funza katika vidole vya muguu. Macho yangu hayaoni tena kitu kidogo hivyo. Octave anamutoa muzima na ncha ya mwiba, hata damu haitoki, na anapiga mbinja akimaliza. Wewe iko na miwani, na Alhamisi iko siku nzuri. Nitakuwa nimeosha miguu.

Kutunga uzi katika sindano. Kupanda juu ya nyumba kuona majani yaliyooza, na uzito wako utakuwa taabu, lakini tutafunga kamba. Kuonja chumvi. Kuniuliza kila asubuhi nimeota nini, na kusikiliza mpaka mwisho. Mangaribi, kunitukana kidogo kabla ya kula, juu bila hiyo chakula hakishuki. Najua Padri haoi. Sikuombi unioe, usiogope, nilikwisha kuona mapadri wengi na sikutamani. Naomba kazi tu. Ukiona nzito kwa Direkteri mwenye miaka hamsini, ujue ilikuwa inafanywa na mutu wa miaka munane kabla ya kwenda kwako kujifunza kupenda kazi.

Kama yote hayo umeyakataa, iko njia moja imebaki. Muke anamufuata mume wake. Jumatatu nitakuja na mukeka wangu, nitalala karibu na mulango wa nyumba ya watoto. Nakoroma, nakuambia mapema. Nitaamka na kengele yako, nitajifunza Mezi, na safari hii nitauliza habari ya samaki mpaka mwalimu ajibu. Kijiko sitaleta. Ukinifukuza, nitaenda kwa Bwana Teritwari, yule muzungu wa serikali kule Kabambare, nimwambie misioni inaachanisha watu waliooana. Akicheka, nitaenda kwa Askofu. Mimi ni mwanamuke wa miguu. Nyangwe nilifika mara mbili.

Nangoja jibu lako kwa mukono wa Pacifique. Aje bila kitabu cha ndoa.

Nisalimie mwalimu Ismaël, umwambie ni kumi na tano hata leo. Nisalimie masista wote, na yule mukubwa anayenitazama viatu wakati sina viatu. Nisalimie mupishi wa watoto, na umwambie Octave hali maharage kama yamelala, ila ukimwambia ni ya leo anakula. Nisalimie na kinanda cha kanisa, kikohozi chake kimefika wapi? Na wewe mwenyewe, ukae na afya, ili nikukute na nguvu ya kugombana.

Ndimi mukristu wako na muke wa mutu,

Sidonie, nkambo wa Octave

Nyongeza. Padri, barua nilikuwa nimeikunja. Nilitoka kutafuta mutu wa kukuletea, nikamukuta Octave mwenyewe anakuja na njia ya shambani, vumbi mpaka masikio, muguu mumoja unatoka damu. Amekimbia tangu asubuhi, hajamuaga mutu, labda sasa hivi munamutafuta mpaka katika pamba. Nikamuuliza nini. Akasema: "Nimerudi. Mwanamume hawezi kuacha nyumba yake." Akaingia, akakaa kwenye kiti cha Bulaimu, akaniomba chakula na sauti nene.

Bugali ilikuwa ya watu wawili. Nilimupa, akala. Nilimuosha muguu. Kisha nikamwambia: "Mume wangu alikufa. Wewe ni mutoto. Simama, twende ku masomo." Alilia ya kutosha pale kwenye kiti. Sikugeuka, juu na mimi nilikuwa na kazi ya uso wangu.

Basi Padri, habari zako zote saba nimekubali. Usimupige, nimekwisha kumugombeza kukupita. Umuweke kiti cha mbele, hasikii vizuri sikio la kushoto na ataona haya kukuambia. Barua hii nitaifunga na uji wa muhogo kama gundi, juu anayekuletea anajua kusoma. Mimi nitaishia kwenye daraja, yeye atamaliza peke yake.

Akitaka kutoroka tena, mwambie nyumba imefungwa, nkambo wake amesafiri Nyangwe kwa dada yake. Sijasafiri. Lakini mwambie.