Umeme kwa Famili Saizi

Kosa mnalolifanya wengi wenu, na nalisema kabla hata sijawasalimu kwa sababu limeniuma moyo tangu nilipotoka Mbarara, ni kuwasha umeme wakati mnapouhitaji. (Mtu mmoja anapiga makofi, anajiona yuko peke yake, anaacha.)

Sasa itifaki. Mheshimiwa Mwenyekiti wa kijiji cha Kashojwa pamoja na kamati yako yote, waliofika na waliotuma udhuru. Mchungaji Néhémie, uliyetufungulia kwa sala fupi ya dakika arobaini. Afande Sajenti Wasswa, unayewakilisha kambi ya jeshi ya Mbarara, pamoja na mkeo Madamu Gorret. Ndugu zetu wakimbizi kutoka Kivu ya Kusini. Wafugaji mliotembea kutoka Endiinzi mkidhani leo kuna chanjo ya ng'ombe. Mabibi na mabwana, wote kwa vyeo vyenu na kwa kukosa vyeo kwenu. Anayesimama mbele yenu ni mimi, Mhandisi, Mheshimiwa, Daktari Mtarajiwa Naboth, Mratibu Mkuu wa Mpango wa Umeme kwa Wakati, mtu aliyehudhuria semina kumi na nne za kubana matumizi ya umeme katika hoteli ambazo taa hazijawahi kuzimwa. (Makofi.)

Nitaeleza taratibu, maana nyinyi ni watu wa kuelezwa taratibu. Umeme una saa za peak, yaani saa ambazo kila mtu anautaka, na saa za off-peak, yaani saa ambazo hakuna anayeutaka. Wenye viwanda, ambao mita zao husoma saa, huhamisha kazi zao kutoka saa zile kwenda saa hizi, na bili inashuka. Lakini ofisi yangu ikajiuliza: hapa katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale watu wamezoea nini? Wamezoea mgao. Unga hutolewa kwa famili saizi, yaani kwa idadi ya watu wa nyumba, leo wanaoishi peke yao, kesho walio wawili, keshokutwa walio watatu, na hakuna anayeuliza kwa nini. Basi umeme nafuu tukaugawa vivyo hivyo: famili saizi moja iwashe saa tatu ya usiku, saizi mbili saa nne, na kuendelea hadi saizi nane, ambayo zamu yake ni saa kumi ya alfajiri, na wote wazime kunapopambazuka. Nanyi mkatii! Mkapanga foleni, kila mtu nyumbani kwake, mbele ya swichi yake mwenyewe! Niliposoma habari hiyo katika ripoti niliyoiandika mimi, nilitokwa na machozi.

(Mwanamke anasimama katikati ya watu. Ni Mama Marthe, muuza samaki, famili saizi nane. "Mheshimiwa, munisamehe. Niko na samaki mu congélateur tangu asubui, na imezimwa. Niende niwashe, ama ningoje?")

Kaa, mama. Maswali ni mwisho. Friza yako naijua, imo katika ripoti, ukurasa wa sita, chini ya kichwa kinachosema Mafanikio: akina mama sita waliounganisha zamu zao za likelemba, ule mchezo wao wa kuchangiana fedha, wakanunua friza moja, na friza hiyo sasa inafanya kazi saa mbili tu kwa siku, kisha inapumzika, kwa maana mpango wangu unaheshimu haki za binadamu na za mashine.

("Ya juma iliyopita ilioza yote!" anasema Mama Marthe, bado amesimama. "Benzangu banasema, kama na ya leo itaoza, kesho tunauzisha congélateur kule Kabingo. Bana bangu batakula nini?")

Nimesikia, na ofisi yangu inaipa harufu hiyo uzito wake. Tumeiandika kama changamoto, na changamoto, wataalamu wote wanakubaliana, ni fursa ambayo haijafanyiwa capacity building. Lakini mama, usisahau kile kisanduku cheupe chenye taa nyekundu tulichokutundikia ukutani. Kisanduku kile kinaona. Atakayewasha nje ya zamu yake kitamripoti Mbarara, na jina lake litafutwa kwenye orodha ya mgao. Na nyinyi mnajua kuliko mimi jina kufutwa kwenye orodha ni nini. (Mama Marthe anakaa.)

Sasa takwimu, kwa wale wanaopenda ukweli. Katika pilot yetu tulipima kaya mia moja, na kaya zote mia moja, narudia, zote, zimepunguza bili kwa asilimia mia moja. Hakuna hata moja inayolipa chochote! (Makofi makubwa.) Afande Wasswa, simama uwape ushahidi, kwa kuwa kaya hizo zote ziko kambini kwako.

(Sajenti Wasswa anasimama. "Mimi hapana jua hii mambo ya bili, ssebo. Stima ya kambi inalipa jeshi. Tangu zamani." Mkewe anamvuta suruali: "Wewe, kaa chini! Unataka watukatie?" Kicheko.)

Asante, Afande, kwa ushahidi mfupi wa kijeshi. Aliposema tangu zamani alimaanisha kwamba mafanikio ya mpango wangu yalianza kabla ya mpango wenyewe, jambo ambalo hata Ulaya hawajaliweza.

(Mama Marthe amesimama tena. "Mheshimiwa, mimi nilipima, kabla kisanduku hakijafika. Pasi moja, nguo zile zile, nusu saa alfajiri, nusu saa muchana. Nikaangalia mita ya Yaka, hii ya kulipa mbele: yuniti zilipunguka sawasawa." Sauti ya mzee: "Wambie, mama! Ile mita haina saa, inahesabu tu!")

Mama, hicho ulichokifanya kinaitwa utafiti, na utafiti unahitaji kibali. Fomu ziko Mbarara. Zimekwisha, lakini ziko.

Sasa, kwa kuwa mimi si mtu wa maneno mengi, nifunge kwa shukrani. Nawashukuru wafadhili wetu, ambao tukishawapata tutawatangaza. Nawashukuru wataalamu watakaokuja siku moja kutuletea mita za nyumbani zinazosoma saa, maana kwa sasa hakuna hata moja, si Kashojwa, si nyumbani kwangu. Namshukuru seremala wangu, Emmy, aliyevipaka visanduku rangi kwa ustadi hata vikaonekana vina kitu ndani, na aliyebuni kwa akili yake mwenyewe ile taa nyekundu ya betri ya tochi. Namshukuru mgeni rasmi, ambaye visanduku hivyo vilitundikwa ili avione, na ambaye naambiwa sasa hivi gari lake limegeuzia Kabingo. Nikisema Umeme, mnaitikia Kwa Wakati! Umeme! ("Wa kambini!" anajibu mtu wa nyuma.) Famili saizi! ("Samaki!") Oyee! (Kicheko. Wafugaji wa Endiinzi wanaanza kuondoka.)

(Mama Marthe hajacheka. "Mheshimiwa. Kile kisanduku hakionake kitu?")

Hakioni, mama. Hakina hata waya. Lakini kilitazamwa sana, na hilo nalo limo kwenye ripoti. (Mama Marthe ameshajifunga kitenge vizuri na anapita katikati ya viti, wenzake watano nyuma yake.) Mama, simama, hakuna aliyekuruhusu! Mkutano haujafungwa, na mtu haondoki mbele ya Mratibu Mkuu bila ruhusa yake! (Hawageuki.) Basi iandikwe kwamba ruhusa nilitoa mimi. Mama Marthe, nenda ukawashe friza yako sasa hivi.