Kuhusu Karani Aliyejificha Kwenye Pipa la Achari

Ofisi ya Karani wa Kaunti,
Orrin, Nebraska.
30 Oktoba 1958

Kwa Bwana Mtayarishaji wa mchezo wa televisheni "Sherifu wa Dry Fork",
California.

Bwana Mheshimiwa,

Naomba radhi kwa kukusumbua, na naomba radhi mapema endapo barua hii itaonekana ndefu mno, fupi mno, au yenye ukali. Sikukusudia lolote kati ya hayo matatu. Mimi ni karani msaidizi, mwenye umri wa miaka ishirini na minne. Jumanne ijayo wapiga kura wa kaunti hii watachagua karani mkuu mpya, kwa kuwa mzee Kratochvil anastaafu. Wagombea tuko wawili: mimi, na Bwana Harlan Stroud anayeuza matrekta. Hadi Jumamosi iliyopita watu walikuwa wakiniambia nitashinda. Ndipo mkaonyesha kipindi chenu.

Najua mna vipindi vingi, kwa hiyo nakukumbusha. Majambazi watatu wanaingia katika ofisi ya ardhi ya Dry Fork wakitaka daftari la hati za mashamba. Karani, Bwana Ambrose Pell, anawapa daftari. Anawapa na kalamu. Anawafungulia mlango watoke, kisha anakimbilia duka la jirani na kujificha ndani ya pipa la achari ya matango mpaka Sherifu Garrity anapowamaliza wote watatu. Kaunti nzima iliona, kwa sababu huku kwetu televisheni hushika stesheni moja tu.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Pell alitoa daftari bila stakabadhi. Nilisimama nikaiambia televisheni, "Watie saini kwanza!" Mama yangu akasema, "Delmar, kaa chini, hawakusikii." Bwana, daftari la hati haliondoki ofisini hata kwa jaji. Anayelihitaji hujaza fomu katika nakala tatu. Majambazi walikuwa watatu, zingewatosha.

2. Pipa. Nimelipima pipa la achari katika duka la hapa mjini, kwa idhini ya mwenye duka, na mtu mzima haenei humo pamoja na achari. Isitoshe, Pell alitoka shati lake likiwa kavu. Mtazamaji aliyeamini hilo ataamini lolote kuhusu makarani, na mtazamaji huyo anapiga kura Jumanne.

3. Maoni ya watazamaji. Ninyi huko hamyasikii, mimi nayasikia kutwa. Kinyozi Gus Oberle, wembe ukiwa shingoni mwangu, aliniuliza, "Eti Delmar, majambazi wakija tukutafute pipa gani? La matango au la kabichi?" Watu wote waliokuwa kwenye benchi wakaangua kicheko, na mimi sikuthubutu hata kumeza mate. Mkahawani mtu mmoja alimwambia mhudumu, "Mpelekee kahawa polepole, dada, asije akashtuka akakukabidhi shamba la baba yangu." Mfugaji mmoja, ambaye juzi tu nilimsajilia chapa ya ng'ombe wake vizuri kabisa, aliniambia, "Kijana, wewe na yule jamaa mnafanana mpaka masikio." Hatufanani masikio. Jumapili nilijitazama kwenye kioo kwa muda mrefu, nina hakika.

Bwana Stroud, kusema haki, hajatamka neno baya hata moja juu yangu. Ameweka tu pipa mbele ya duka lake la matrekta, na juu ya pipa kibao: OFISI YA KARANI. Watoto wanapanga foleni kuingia. Jana foleni yake ilikuwa ndefu kuliko ya kwangu.

Nimelelewa nisidanganye, kwa hiyo nakiri kwamba mimi si mtu jasiri. Naogopa bata mzinga, naogopa simu inapolia ghafla, na jaji akikohoa huwa nasimama. Lakini kwa miaka minne sijapoteza karatasi hata moja, nami nilidhani hiyo ndiyo kazi yenyewe. Naitaka kazi hii, Bwana. Sijawahi kutaka nyingine.

4. Hili ni zito, na nimelifikiria kwa hofu. Dry Fork ina karani mmoja na daftari moja. Tuliliona rafuni likiwa peke yake. Basi viapo vya maofisa navyo vimo humo humo. Dakika ile majambazi walipotoka nalo, hapakuwa na karatasi yoyote mjini inayosema kwamba Garrity ni sherifu. Alikuwa raia mwenye farasi. Raia huyo aliwapiga watu watatu risasi mchana kweupe, na mji ukamshangilia! Zaidi ya hayo, mwalimu wa shule na mhunzi, ambao tulihudhuria harusi yao katika kipindi chenu cha mwezi wa Machi, sasa wanaishi pamoja bila cheti, na wana pazia moja tu dirishani. Mashamba hayana wenyewe. Mji hauna mipaka. Kwa kweli Dry Fork haipo, na kama haipo, sielewi Jumamosi ijayo mtaonyesha nini. Nilipofika hapo katika hoja hii nililazimika kwenda kunywa maji.

Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu: kabla ya Jumanne mwonyeshe kipindi kingine ambamo Pell anawatazama majambazi usoni na kusema "Hapana," hata kama ni kwa sauti ndogo. Ikishindikana, Sherifu Garrity awapelekee wapiga kura wa Orrin telegramu ya kueleza kwamba makarani kwa ujumla ni watu imara. Naye Garrity ashtakiwe. Hilo la mwisho naliacha kwenye busara yako.

Nifikishie salamu kwa waigizaji wote, kwa farasi wa sherifu, kwa mwenye duka la achari, na kwa yule jambazi wa tatu, aliyeonekana kama ana mafua. Mama yangu naye anawasalimu, na anasema muziki wa mwanzo ni mzuri.

Mimi mtumishi wako, kwa heshima na wasiwasi,

Delmar Vlasek
Karani Msaidizi

Nyongeza, 5 Novemba. Barua hii imekaa mezani siku sita kwa kuwa sikuwa na ujasiri wa kuitia posta. Jana uchaguzi ulifanyika. Nimeshinda, tena kwa kura nyingi. Mama Ottilie Rademacher alinishika mkono mlangoni akasema, "Delmar, mwanangu, sisi akina mama wa kanisani tulimlilia sana yule karani. Hakuna hata aliyemwuliza kama amekula! Tungempa yeye kura zetu, lakini hayumo kwenye karatasi ya kura, tukaona wewe ndiye wa karibu naye." Gus Oberle naye anasema wanaume walikubaliana kwamba mtu mwoga kiasi hiki hawezi kuiba hata penseli.

Tafadhali msibadilishe chochote. Garrity aachwe huru, alifanya kazi nzuri. Pell aendelee kuogopa, na mkiweza kumtetemesha magoti kidogo zaidi, nitashukuru. Uchaguzi mwingine ni mwaka 1962. Jumamosi yoyote ya Oktoba itanifaa.