Mafuta Yasiyofukuza Mbu

Jumatatu, 5 Mei. Bunju.
Mvua. Mbu kila kona. Neema kwa biashara yangu.
Raudha, mwenye nyumba ya wageni kule Ukunda, Kenya, ameagiza katoni mbili za mafuta yangu ya mchaichai na mwarobaini. Wageni wake wanaumwa na mbu hadi wanahama. Nikichelewa, atanunua kwa mwingine. Mama naye ameweka sharti: mzigo huu ukirudi, nakwenda kufundisha kemia Gongo la Mboto, ambako mkuu wa shule anasubiri jibu langu. Nimekubali kwa utulivu. Msomi hupokea hukumu yake bila kutetemeka.

Jumatano, 7 Mei.
Kikwazo. Chochote kinachodai kufukuza wadudu huhesabiwa kuwa kiuatilifu, hata kikitokana na majani ya uani kwetu. Kisajiliwe hapa, kisha kisajiliwe upya Kenya. Jirani yangu Nusaiba, anayetengeneza mafuta kama haya (yake mazito mno), alianza usajili mwaka jana. Bado anasubiri majibu ya maabara! Amependekeza tuunganishe maombi. Eti, "Shoga, tukiwa wawili hata kusubiri kunapungua." Nimemshukuru. Kusubiri ni kwa wasio na mawazo.

Alhamisi, 8 Mei.
Wazo! Sheria inashika dai, haishiki mafuta. Nimebandua lebo zote, nimebandika mpya: "Mafuta ya kujipaka. Hulainisha ngozi." Neno mbu halipo popote. Mama alisimama mlangoni, akauliza kama mafuta ya kujipaka nayo hayana kibali chake. Nikajibu kwamba hayo ni mambo ya kitaalamu. Akasema, "Haya, mtaalamu," akarudi jikoni.

Jumamosi, 10 Mei. Horohoro, mpakani.
Siku nzito.
Ofisa wa ukaguzi, kijana mpole aitwaye Khalfani, alifungua chupa, akanusa, akaona ni mafuta tu. Alishika muhuri. Muhuri! Hapo mbu akamuuma shingoni. Akajipiga kofi, akacheka. Akasema, "Sista, hivi vimafuta vyako vinanukia tu. Ungetuletea dawa ya hawa mbu. Kuna dada wa huko huko Bunju alikuja kuulizia taratibu, Nusaiba. Yake ndiyo kiboko."
Nilijaribu kunyamaza. Mungu ni shahidi.
Nikamwambia yangu hufukuza mbu kuliko ya Nusaiba. Nikaeleza sababu, nikianzia kwenye kemia ya mchaichai. Nikampaka mkono mmoja, wa pili nikauacha mtupu ili alinganishe. Mbu wote walitua kwenye ule mtupu. Khalfani alilinganisha mikono yake, akanipongeza kwa dhati, akaweka muhuri chini. Kwa heshima kubwa akasema nimethibitisha kwamba hiki ni kiuatilifu kisichosajiliwa. Mzigo unabaki.
Lakini jaribio lilifaulu.

Jumanne, 13 Mei.
Raudha amekubali kungoja wiki moja, ya mwisho. Mama anataka nikaripoti shuleni. Nimemkumbusha alisema mzigo ukirudi. Haujarudi. Umezuiwa. Akauliza, "Tupokigwe, mwanangu, hivi kule chuo mlikuwa mnasoma nini?"
Jioni akaja Nusaiba na pole. Nafasi yangu kwenye maombi yake bado ipo. Alisema bila kejeli yoyote. Sijawahi kudhihakiwa vibaya kiasi hiki.

Jumamosi, 17 Mei.
Mwanga! Kwaya ya kanisani kwetu inakwenda Mombasa kwenye mkutano wa injili, na Ukunda iko njiani. Nimechemsha mafuta mapya, katoni mbili kamili. Nimemwomba mwalimu wa kwaya, Kasiani, azishushe kwa Raudha. Akauliza ni nini. Nikasema mafuta ya upako. Akavua kofia.
Nimetafuta kwa makini: upako hausajiliwi kama kiuatilifu katika nchi yoyote. Khalfani atafungua chupa, atanusa, atainamisha kichwa. Shuleni nimetuma jibu kwamba sitakwenda. Nusaiba nimemwambia aendelee tu na foleni yake.
Lebo ni nyeupe, yenye msalaba mdogo. Safi. Haina dai lolote. Chini kabisa nimeongeza mstari mmoja tu, kwa heshima ya sayansi: "Mbu hawatamkaribia aliyepakwa. Imethibitishwa mpakani, mbele ya ofisa."