Malalamiko Kuhusu Figo la Dada Kuitwa Mgeni

Ndugu Daktari wa Figo,

Salaam. Mimi ni Kasiani wa Mgeta, yule uliyempandikiza figo la dada yake Winfrida, ukasema hujaona mgonjwa shupavu kama mimi. Kama hukusema, ulikusudia. Nalalamikia vidonge vyako vya kushusha kinga ya mwili. Naomba ruhusa niviache, kwa sababu hizi:

1. Mikono inatetemeka. Mikono hii hii zamani ilizuia lori la kabichi lililokatika breki mlimani. Juzi nimesimama zangu barabarani, lori likasimama, na lingine nyuma yake. Dereva akaniuliza, "Mzee, unapanda au unatuaga?" Kwa aibu nikapanda. Nikashuka Morogoro mjini, wala sikuwa na safari.

2. Naona mambo. Mbuzi wa jirani yangu Yuliana aliniamkia shikamoo mchana kweupe. Nikaitikia marahaba, adabu ni adabu. Nikamwambia Yuliana mbuzi wake kalelewa vizuri kuliko wanawe. Sasa Yuliana hanisalimii. Mbuzi anaendelea.

3. Hili ndilo kubwa. Ulisema figo hili ni mgeni, bila vidonge mwili utalifukuza. Daktari, kwetu Waluguru ukoo ni wa mama. Mimi na Winfrida ni tumbo moja. Figo limetoka kwa dada likaingia kwa kaka, limehama chumba tu. Lingekuwa la mke wangu Cecilia ningekuelewa, yeye ni wa ukoo mwingine. Kwa hiyo niruhusu niache, au uuandikie mwili wangu barua ya utambulisho yenye muhuri.

Winfrida nilipomweleza alisema, "Kaka, acha vidonge uone. Figo langu nitalifuata na kisu cha kabichi." Kisha akalia, na siku ya upasuaji hakulia. Ndiyo maana bado nameza, nasubiri neno lako.

Nisalimie manesi wote, mlinzi wa getini, na mama wa chai aliyekuwa akinificha maandazi.

Wako katika kutetemeka,
Kasiani

Nyongeza: Daktari, usipunguze hata kimoja. Jumapili mpiga kayamba wa kwaya aliugua, nikapewa mimi. Nilishika tu, mkono ukafanya kazi wenyewe. Mwalimu wa kwaya, Agustino, anasema mpigaji kama mimi hajapata kutokea, na Pasaka tunashindana na watu wa Matombo. Nameza kwa saa, bila kukumbushwa. Winfrida amefurahi, ila anatangaza parokia nzima kwamba anayepiga ni figo lake.